Akiba ya wiki moja kwa mfuko mdogo: anza na maji, kisha moto, ndipo unga

Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ikatangaza mgawo, nyumba kadhaa ninazozijua Dar es Salaam zilikuwa na unga wa kutosha na hazikuwa na maji ya kusongea ugali. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilikata barabara ya kwenda Lindi pale Somanga, na mizigo ya madukani ikakwama njiani. La kwanza lilikuwa ukame, la pili mafuriko, lakini swali la mama mwenye nyumba ni moja: tutakaa siku ngapi bila kutoka kwenda kununua?

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia wifi yangu kupanga akiba yake. Yeye, kaka yangu na watoto wawili wanapanga chumba na sebule Mbagala, na pesa yao inaingia siku kwa siku. Alitaka tuanze na gunia la mahindi. Nilimwomba asubiri, na sababu utaziona.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya siku saba

Kwa kunywa na kupikia weka lita 4 kwa mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku saba ni lita 112, yaani madumu 6 ya lita 20. Mashirika ya misaada hupanga lita 15 kwa mtu kwa siku kwa matumizi yote ya msingi, kuoga kukiwemo, lakini kwa familia hiyo hiyo inafika lita 420 na chumba hakibebi. Kwa hiyo tenganisha: maji ya kunywa yafungwe na yasiguswe, ya kuoga na kufulia yakae kwenye chombo kingine mnachotumia na kujaza kila siku.

Kwa chakula, mimi hutumia vipimo vya mgawo wa misaada: kwa mtu mmoja kwa siku gramu 400 za nafaka, 60 za jamii ya kunde, 25 za mafuta na 5 za chumvi. Kwa watu wanne wiki nzima inakuja kilo 11 na kidogo za nafaka, kilo 1.7 za kunde, mafuta kama robo tatu ya lita, na chumvi pakiti moja ndogo. Hayo ni mambo ya kununua kwa Mangi hapo mtaani. Gunia halihitajiki.

Hatua ya 2: Maji

Hapa nitakaa sana, kwa sababu ndipo watu wanapougulia.

Chombo ninachokipenda ni dumu la njano la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula. Linapatikana kila mtaa, plastiki yake ni nzito, na shingo yake ni nyembamba, kikombe hakiingii wala mkono wa mtoto. Shingo hiyo ndiyo thamani yake. Maji mengi yanatoka bombani yakiwa mazima, yanachafukia ndani ya nyumba kwa kikombe kilichotumbukizwa. Ndoo ya wazi ni nzuri kwa kila kazi isipokuwa hii. Kama una hela ya ziada nunua ndoo moja yenye koki na mfuniko, uwe unahamishia humo maji ya siku moja.

Kabla hujalipia dumu, uliza lilibeba nini. Pembetatu yenye namba 2 chini yake inakuambia aina ya plastiki, haikuambii lilikotoka. Lililobeba mafuta ya taa, dizeli, dawa ya mimea, asidi ya betri au kemikali za kutengenezea sabuni usilichukue hata ukipewa bure, kwa sababu plastiki hunywa vitu hivyo na kuosha hakuvitoi. Ndoo za rangi ya nyumba ni vilevile, hata zikisuguliwa zikang'aa. Muuzaji asipojua historia ya dumu, liache hapo.

Kuosha dumu la mafuta kunataka subira. Maji ya moto, sabuni ya unga, na konzi mbili za mchanga safi au chenga za mchele; funga, tikisa kwa nguvu, geuza, tikisa tena, mwaga, rudia mpaka utelezi uishe. Kisha kijiko kimoja cha chai cha dawa ya klorini ya nguo nyeupe, ile isiyo na manukato, ndani ya lita moja ya maji. Mimina, tikisa iguse kila pembe, na kizibo nacho kipate. Acha dakika chache, mwaga, suuza. Dawa hiyo usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya kusafishia choo, maana hutoa hewa ya sumu.

Sasa maji yenyewe. Ya bomba yakitoka meupe, jaza hadi shingoni, tia dawa ya maji, funga. Mimi natumia vidonge vya WaterGuard kwa sababu kipimo chake kimeandikwa kwenye karatasi na hakuna kubahatisha. Soma karatasi hiyo kila unaponunua, kwani vidonge vya klorini havilingani nguvu: kuna cha dumu zima na kuna cha ndoo ndogo. Wapo wanaotia matone ya dawa ya kufulia kwenye maji ya kunywa. Kwa kuosha chombo naikubali, kwa kunywa siishauri, maana nguvu yake hushuka kadiri inavyokaa kwenye joto dukani na huwezi kujua imebaki kiasi gani.

Maji ya boza, ya mkokoteni au ya kisima ni habari nyingine. Yakiwa na tope, dawa peke yake haitoshi, kwa sababu uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Yaache yatulie usiku kucha, mimina polepole ukiacha mashapo chini, chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa mara nne (kanga iliyofuliwa sana ni nzuri kuliko mpya), ndipo utie dawa. Yakibaki na ukungu hata baada ya kuchuja, ongeza kipimo mara mbili. Ngoja nusu saa kamili kabla ya mtu kunywa. Ukinusa uikute harufu hafifu ya klorini, dawa bado ipo. Usipoikuta, tia tena na ungoje tena.

Kuchemsha kunafanya kazi vizuri: dakika moja ya kutokota kwelikweli inatosha, na kwa walio milimani juu ya mita 2,000 ziwe dakika tatu. Lakini kwa akiba sikupendi, kwa sababu mbili. Kuchemsha lita 20 kunakula mkaa wa kupikia chakula cha siku. Pili, maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote yakishapoa, mkono mchafu mmoja unayarudisha yalikotoka, wakati klorini iliyobaki ndani inaendelea kulinda kwa muda. Ukiishiwa dawa na mkaa, kuna jua: chupa za plastiki angavu zisizo na mikwaruzo, maji yasiyo na tope, zilazwe bati la paa saa 6 za jua kali, au siku mbili kukiwa na mawingu.

Visima vingi vya Dar vina chumvi. Kuchemsha hakuitoi, kunaizidisha, maana maji yanapungua na chumvi inabaki. Maji hayo yawe ya kuoga.

Jaba la lita 200 mnalotumia kwa kuoga lifunikwe muda wote. Mbu wa dengi, ugonjwa uliolipuka Dar mwaka 2014 na tena 2019, huzaliana kwenye maji safi yaliyotuama nyumbani. Kila wiki lisugue ukutani kwa ndani, si kumwaga tu, kwa sababu mayai ya mbu hunata kwenye kuta za chombo. Na kama unakaa Jangwani au popote kwenye bonde la Msimbazi, maji ya kunywa usiyaweke kwenye jaba: likijaa lina uzito wa kilo 200 na halihami. Dumu utaondoka nalo.

Madumu yakae kivulini, mbali na mkaa, sabuni na mafuta ya taa. Yaandike tarehe kwa kalamu isiyofutika. Mimi hubadilisha kila mwezi, nikiyatumia ya zamani kwa kufua, na maji yaliyokaa siku nyingi ninayatia dawa upya siku ya kuyafungua.

Hatua ya 3: Moto

Hii ndiyo sababu ya kuahirisha gunia la mahindi. Mahindi yanataka mashine, na mashine inataka umeme, ambao siku za dhoruba huwa wa kwanza kukatika. Ukiyapika kande, yanakaa jikoni saa nyingi. Chakula cha akiba nakichagua kwa moto kinachokula kabla ya kutazama bei ya kilo.

Kwa wenye gesi, mtungi mdogo wa kilo 6 ujazwe wakati bado una kitu, usisubiri uzime. Kwa wenye mkaa, jaza ndoo moja yenye mfuniko, weka pembeni, na isiguswe. Mvua ikinyesha siku tatu mkaa wa mtaani unalowa na bei inapanda.

Tafadhali sana, jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala lisiachwe ndani usiku kwa ajili ya joto. Hewa yake haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Mvua ikizidi, pika kwenye baraza au mlangoni, dirisha na mlango vikiwa wazi.

Maharage loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, yachemshe kwa nguvu nusu saa, kisha funika sufuria na uizungushie blanketi kuukuu ndani ya kikapu au boksi. Yataendelea kuiva bila moto, na yakitoka yanahitaji kuchemshwa kidogo tu. Ile nusu saa usiipunguze: maharage mekundu yasiyochemka sawasawa yanasumbua tumbo vibaya.

Hatua ya 4: Chakula

Mchele na sembe, nusu kwa nusu. Dona ni bora kwa lishe na mimi nalila, ila kwa akiba silihifadhi: lina kiini chenye mafuta, kwa hiyo huchacha mapema, hasa kwa joto la pwani. Kwa upande wa kunde, choroko na dengu zilizoparazwa ziwe nyingi kuliko maharage, kwa sababu zinaiva upesi, na maharage yakikaa muda mrefu yanazidi kuwa magumu. Dagaa wakavu ongeza kadiri unavyoweza. Wakaange kidogo bila mafuta wapoteze unyevu, wapoe, ndipo uwafunge. Chumvi, sukari, majani ya chai, mafuta. Tende kwa watoto, maana hazihitaji jiko.

Wadudu ndio wanaomaliza akiba za watu. Dawa yangu haina gharama: chupa za maji za lita 1.5. Zioshe, zikauke zikiwa zimepinduliwa siku mbili hadi kusiwe na tone, zijaze mchele, choroko au maharage mpaka shingoni ukigongagonga chini ili zishibe, kisha kaza kizibo. Chupa moja hubeba kilo moja na zaidi. Fukusi waliomo wanamaliza hewa na kufa. Kanuni ni ile ile ya mifuko ya PICS, mifuko ya nafaka isiyopitisha hewa, iliyobuniwa kupitia Chuo Kikuu cha Purdue kwa ajili ya kunde za Afrika Magharibi. Ukiona chupa inafunguliwa kila siku, basi hiyo si ya akiba tena.

Kabla ya kufunga, hakikisha nafaka ni kavu. Weka konzi ya nafaka na kijiko cha chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika mbili, acha itulie robo saa. Chumvi ikinata ukutani, ina unyevu. Ianike tena juu ya turubai, si juu ya udongo. Jambo hili naomba lisipuuzwe. Nafaka yenye unyevu huota kuvu, na baadhi ya kuvu hutengeneza sumukuvu ambayo kupika hakuitoi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mahindi au karanga zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizosinyaa zitupe, usimpe hata kuku.

Hatua ya 5: Nunua kwa zamu

Wiki ya kwanza na ya pili ni madumu na vidonge vya maji. Ya tatu ndoo ya mkaa au gesi. Kuanzia ya nne, kilo moja ya ziada kila unapokwenda dukani, mchele leo, choroko kesho. Ukiwa na kikundi cha wanawake, nunueni mchele kwa jumla mgawane.

Hatua ya 6: Mahali

Chakula kikae juu ya kabati, si chini ya kitanda. Maji ya mafuriko yanaingilia chini.

Hatua ya 7: Maji ya kumnywesha anayeharisha

Lita moja ya maji salama, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazisha. Kuzidisha chumvi ni hatari kwa mtoto. Pakiti za dukani ziitwazo ORS ni bora zaidi, weka mbili tatu kwenye ndoo ya akiba. Mtoto wa chini ya miezi sita aendelee kunyonya, mara nyingi zaidi, huku akipewa ORS, na mama naye aongezewe maji na chakula. Anayeharisha maji meupe mfululizo apelekwe kituo cha afya huku akinyweshwa njiani.

Hatua ya 8: Kula na kujaza

Chupa mpya ziende nyuma, za zamani zije mbele, na mpike kutoka mbele. Mwanzoni mwa Machi kabla ya masika, na tena mwanzoni mwa Oktoba kabla ya vuli, toa kila kitu nje, nusa unga, kagua vizibo, hesabu vidonge vya maji na utazame tarehe zake za mwisho.