Kupiga hesabu ya umbali na muda wa safari ya ndege: mfano wa Nairobi hadi New York

Jamaa wakinitumia picha ya tiketi, swali huwa lilelile: tutakaa angani saa ngapi? Wengine wameshatoa saa ya kuondoka kwenye saa ya kutua, wakapata saa saba, wakafurahi. Marekani kwa saa saba, labda kwa roketi.

1. Chukua herufi tatu za kila kiwanja. Zimo kwenye tiketi: NBO (Nairobi) na JFK (New York).

2. Pima umbali. Mimi hutumia tovuti ya Great Circle Mapper tu. Andika NBO-JFK, utapata takriban kilomita 11,840 (ikikuletea maili, zidisha kwa 1.609). Rula juu ya ramani ya ukutani haifai, kwa sababu dunia ni tufe na njia fupi juu yake hupinda: inatoka Nairobi kuelekea kaskazini-magharibi, inapita juu ya Chad, Algeria na Morocco, ndipo inavuka Atlantiki.

3. Panga saa. Hapa usiharakishe. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kutua ni ya New York. Usitoe chochote kabla hujazileta zote mbili kwenye saa za mji mmoja.

Sisi tuko UTC+3 mwaka mzima, yaani saa tatu mbele ya saa ya kimataifa (UTC). New York wako nyuma yetu kwa saa 8 wakati wa baridi, lakini kwa saa 7 kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi Jumapili ya kwanza ya Novemba, maana wao husogeza saa zao mbele. Kinachohesabika ni tarehe ya kusafiri. Simu yako inaonyesha tofauti ya leo, na tiketi labda ni ya miezi minne ijayo.

Tuseme ni Januari: kuondoka 23:25, kutua 06:25 siku inayofuata. Ongeza 8 kwenye ya kutua, inakuwa 14:25 za Nairobi. Basi safari ni saa 15. Kurudi: kuondoka 12:25, yaani 20:25 za Nairobi, na kutua 10:25 siku inayofuata. Saa 14.

Usichanganye na saa za Kiswahili katikati ya hesabu. Maliza kwa saa 24 kwanza, halafu ndiyo umwambie mama ni saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Na tiketi ikisema Jumanne 00:30, huo ni usiku wa kuamkia Jumanne. Ukimwambia mtu "Jumanne usiku", atafika uwanjani ndege imeondoka tangu usiku uliopita. Mimi huandika hivi: "Toka nyumbani Jumatatu jioni." Basi.

4. Hakiki. Gawa kilomita kwa 900: saa 13 na kidogo. Ongeza nusu saa ya kutembea ardhini, kupaa na kushuka. Ukienda magharibi ongeza tena, kwa sababu pepo kali za juu huko kaskazini huvuma kutoka magharibi, na ndege inakwenda na upepo wa mbisho. Ukirudi zinaisukuma. Jibu likipishana na la hatua ya 3 kwa zaidi ya saa mbili, rudi ukaangalie tarehe.

Kama unabadilisha ndege njiani, hesabu kila kipande peke yake. Muda wa kusubiri ndio pekee unaoutoa moja kwa moja, kwa kuwa saa zote mbili ni za mji uleule.