Kisu chekundu chenye msalaba: jinsi ya kujua kama ni orijino ama feki

Kijana mmoja wa Kondele, Kisumu, amenitumia picha ya kisu cha kukunja alichopata soko la Kibuye kwenye mali ya mitumba, anataka kujua kama ni Victorinox kweli, ile kampuni ya visu ya Uswisi, ama ni ile ya kubandikwa msalaba tu. Badala ya kumtumia voisi noti ndefu naandika hapa, na wengine mkisoma sawa.

1. Safisha kwanza

Mafuta taa, brashi ya meno iliyozeeka, kitambaa. Msasa hapana, hata kama kimeshika kutu, maana ukishakwangua alama umejiharibia ushahidi na bei pia.

2. Pima na rula

Kikiwa kimefungwa, Victorinox za kawaida ni milimita 58, 84, 91, 93 ama 111. Wenger, kampuni nyingine ya visu ya Uswisi, nyingi ni 85. Kikileta 95 ama 88, shuku.

3. Soma shingo ya ubapa mkubwa

Hapa ndipo watu hupotea, kwa hivyo twende polepole. Fungua ubapa mkubwa wote, angalia ile sehemu isiyo na makali karibu na kiungo, tumia kioo cha kukuzia ama kamera ya simu uzoom. Unatafuta jina VICTORINOX na maneno SWISS MADE, na kwa vya zamani utaona SWITZERLAND, STAINLESS, ROSTFREI (haya mawili, kama INOX, maana yake ni chuma kisichoshika kutu kirahisi), na vingi vina OFFICIER SUISSE, yaani afisa wa Uswisi, upande wa pili. Kikiwa na STAINLESS peke yake, ama INOX peke yake, ama ROSTFREI bila jina la kampuni, hiyo haitoshi kabisa, neno kama hilo linapigwa na kiwanda chochote.

Sasa usikimbilie kusema ni feki kwa sababu umeona jina lingine. WENGER ni orijino pia, walikuwa Delémont, Victorinox ikawanunua 2005 na baadaye jina hilo likaondolewa kwa visu, kwa hivyo mkusanyaji anaweza kuitaka hata zaidi. Na ukipata cha askari wa Uswisi, modeli ya 1961, mpini wake ni wa alumini si plastiki nyekundu, na shingoni kuna tarakimu mbili za mwaka kilipotengenezwa, kama 78 ni 1978. Watu hutupa hizo wakidhani ni feki kwa sababu si nyekundu, omera, inaniuma.

Halafu kuna shida ya wanoaji visu wanaozunguka na baiskeli. Wale jamaa wananoa mpaka shingo, herufi zinabaki nusu ama zinaisha, na mwenye kisu hana habari. Herufi zilizoliwa na jiwe la kunolea si dalili ya feki, angalia kama kuna mikwaruzo ya jiwe hapo. Dalili ni herufi zisizo na kina, zilizopinda, zenye nafasi tofauti tofauti, ama zilizochapwa juu juu kwa rangi.

4. Msalaba

Kwa milimita 91 ngao yenye msalaba ni kipande cha chuma kilichozamishwa kwenye mpini, pitisha kucha utaisikia. Lakini ya 58 mara nyingi imechapwa tu na bado ni orijino, vivyo hivyo zenye mpini wa nailoni. Tena mpini hubadilishwa, unaweza kupata kisu halali chenye plastiki ya feki. Ndio maana msalaba naupa alama chache sana, ingawa ndio wauzaji wanakuonyesha kwanza.

5. Mwanga na mlio

Kifunge, kiinue kielekee jua, angalia mgongo. Orijino tabaka zimeshikana na springi ziko sawa na mpini, feki unaona mwanga ukipita katikati. Kikiwa wazi ubapa hautikisiki kushoto kulia. Ukiufunga unapiga tak! Feki inalegea ama inabidi uisukume.

Sumaku sitaki kuisikia. Chuma cha pua cha visu hivi kinashikwa na sumaku, orijino na feki zote, na yule anayekuuzia Kibuye akikufanyia hiyo show ya sumaku anakupotezea muda.

6. Mizani

Ukiwa na rafiki sonara mwombe mizani ndogo. Spartan, modeli moja ya Victorinox ya milimita 91, ni kama gramu 60, kwa sababu vibamba vya katikati ni vya alumini. Za feki hutumia chuma mpaka hapo, zinakuwa nzito bila sababu. Sasa kijana wangu, piga picha nyingine ya shingo, pande zote mbili, ile ya kwanza ina giza.