Unaenda Fargo na winta imekolea? Soma hii kabla hujawasha gari

Ndugu zangu wa Minnesota, najua tulivyo. Kukiwa na msiba Fargo au mtu anaozesha binti yake Jumamosi hakuna anayeuliza hali ya hewa, tunatoka kazini saa mbili usiku tunajazana kwenye gari tunaondoka. Na mimi nilikuwa hivyohivyo mpaka usiku mmoja nikakwama na watoto wangu wawili karibu na Fergus Falls, masaa matano, mbele lori limelala ubavu na nyuma foleni, na kwenye gari tuna soda moja na robo tenki. Toka siku hiyo nina utaratibu wangu, nauandika hapa hasa kwa nyie mliotoka kambi za Nyarugusu au Kakuma juzi na hamjawahi kuendesha kwenye barafu.

Kwanza ijue hiyo I-94, haiwei ya kwenda Fargo. Minneapolis mpaka Fargo, kule North Dakota, ni kama kilomita 380, masaa matatu na nusu kukiwa kukavu, lakini ukishapita Fergus Falls unashuka kwenye bonde la Red River, tambarare tupu, hakuna mlima wala msitu wa kuzuia upepo. Huko sio lazima theluji ianguke. Jua linaweza kuwa linawaka na anga jeupe kabisa, ila upepo unaichota ile theluji ya juzi mashambani unaivusha barabarani mpaka huoni gari la mbele yako. Kwahiyo simu ikikwambia leo hakuna theluji usifurahi bado, angalia na upepo. Alafu fungua 511 ya Minnesota, tovuti ya hali ya barabara, utaona kamera za barabarani na sehemu zilizofungwa, na North Dakota nao wana ya kwao. Wakisema watu wasisafiri, au ukikuta geti la haiwei limeshushwa, usitafute njia ya vijijini ya kukwepa, kule ndo theluji haikwanguliwi mapema na anaweza asipite mtu wa kukuona. Mpigie mfiwa umwambie barabara imefungwa. Ataelewa, hawezi kutaka msiba wa pili.

Gari sasa. Mpira wa tairi za kawaida unaanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 za Selsiasi, ndo maana kuna tairi za winta, ubavuni zina alama ya mlima wenye vilele vitatu na ua la theluji katikati. Bei inauma kweli, ila kama kila mwezi uko njiani nunua, na ununue zote nne, ukifunga mbili za mbele tu nyuma itakuzungusha. Upepo wa tairi nao unapungua kwa baridi, kama psi 1 kila joto likishuka nyuzi 10 za Farenhaiti, pima asubuhi kabla gari halijatembea. Betri ikiwa na miaka mitatu minne kaipimishe, maduka mengi ya spea hapa wanapima bure. Maji ya waipa chukua yale yameandikwa -20 za Farenhaiti au chini zaidi, yale ya kiangazi yataganda kwenye kioo uko spidi na hutaona kitu. Na tafadhali sana, ile tabia ya nyumbani ya kujazia rejeta maji ya bomba iache, huku yanaganda yanatanuka yanapasua injini, weka kulanti, yale maji maalum ya rejeta yasiyoganda.

Ndani ya gari kuwe na blanketi kwa kila mtu, tochi, chaja, waya za kubusti betri, beleshi dogo, na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya tairi ukinasa. Chakula kisichohitaji moto, karanga, tende, biskuti. Maji ya kunywa yakae mlipokaa nyie, kwenye buti yataganda. Hata kama mnaenda harusini na mmeshapendeza, makoti na viatu vya theluji viingie. Mafuta yasishuke nusu tenki, mimi najaza St. Cloud na najaza tena Alexandria hata kama bado yapo.

Wazazi hapa nawaomba mnisikilize. Usimfunge mtoto kwenye kiti chake akiwa na lile koti nene. Mkanda unaonekana umebana kumbe umebana hewa ya koti, gari likigonga koti linasinyaa, mkanda unalegea na mtoto anachomoka. Mvue koti, mfunge mkanda ukae vizuri kifuani, alafu mfunike koti lake au blanketi kwa juu. Wengi hatukuambiwa hili.

Barabarani kruzi kontroli, ile ya gari kushika spidi lenyewe, zima. Acha nafasi kubwa, hesabu sekunde nane mpaka kumi kati yako na wa mbele. Madaraja yanaganda kabla ya barabara maana hewa baridi inapita juu na chini, kwahiyo achia mafuta kabla hujafika na ukiwa juu yake usikanyage breki ghafla. Lami ikionekana imelowa na nje ni baridi ya kugandisha, ichukulie ni barafu. Na usitegemee chumvi, baridi ikizidi sana inashindwa kazi. Gari likianza kuteleza toa mguu kwenye mafuta, angalia unakotaka kwenda na upeleke usukani taratibu huko. Ukikuta gari la kukwangua theluji kaa nyuma yake mbali, nyuma yake ndo barabara nzuri kuliko zote.

Ukikwama, usitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Watu wamepotea hatua chache toka kwenye gari lao. Washa taa za hazadi, toka mara moja tu ufukue theluji kwenye ekzosi, ikiziba moshi unarudi ndani na ile hewa yake ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua mkiwa usingizini. Washa injini kama dakika kumi kila saa, fungua dirisha kidogo upande usio na upepo, kila mara ukague tena ekzosi. Msilale wote kwa pamoja.

Ukipiga 911 watakuuliza uko wapi na "I-94" peke yake haitoshi, tazama vile vibao vidogo vya kijani pembeni vyenye namba ya maili, vizoee toka mwanzo wa safari, kila ukikipita soma. Na kama mama au shangazi ndo ameshika simu na Kiingereza hakipandi, asikate, aseme tu "Swahili" asubiri kwenye laini, vituo vingi vinaunganisha mkalimani kwa simu.