Kuchora mfupa kwa sindano na wino: pa kuanzia katika skrimsho

Katika skrimsho, yaani sanaa hii ya kuchora mfupa kwa kuukwaruza, wino hukaa ndani ya mkwaruzo wa sindano, na pasipokwaruzwa panatakiwa pabaki peupe. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuandaa uso wa mfupa, na hapo ndipo wengi wanaoanza wanapofanya haraka wakaharibu.

Mabaharia wa Marekani waliowinda nyangumi karne ya 19 walichora juu ya meno ya nyangumi kwa sindano za kushonea matanga, wakapaka masizi. Wewe achana na meno hayo na pembe za ndovu. Biashara yake ya kimataifa imefungwa na CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Chukua mfupa wa mguu wa ng'ombe, ambao ukuta wake ni mnene.

Toa uboho na mabaki ya nyama, kisha loweka mfupa siku kadhaa kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, ukibadilisha maji kila siku. Usiuchemshe kwa moto mkali. Mafuta yatazama ndani, baadaye yatokeze kama madoa ya njano, na wino hautashika hapo. Ukaushe kivulini wiki nzima, maana jua kali huupasua. Kata kipande bapa, kama sentimita 3 kwa 5. Vaa barakoa na upige msasa kwa maji, kwa sababu vumbi la mfupa huumiza mapafu.

Anza na msasa namba 220, kisha 400, 600, 1000 na 2000. Kila namba ipige kukatisha mwelekeo wa iliyotangulia, mpaka mikwaruzo ya zamani iishe yote. Sasa kilaze kipande chini ya taa na ukigeuze taratibu. Ukiona mkwaruzo mmoja mwembamba kama unywele, rudi nyuma. Usipouondoa, wino utaujaza na utaonekana katikati ya picha. Uso ukishang'aa, paka nta kidogo sana na usugue kwa kitambaa ili vinyweleo vizibe. Weka tone la wino pembeni, ulifute baada ya nusu dakika. Likiacha kivuli cha kijivu, nta haijatosha.

Sindano iwe ya chuma kigumu, ikazwe kwenye mpini, inolewe kwenye jiwe kwa kuizungusha. Iguse juu ya ukucha bila kukandamiza: iliyo kali hung'ang'ania, butu huteleza. Butu pia huponda mfupa na kuacha mstari wenye kingo zilizochanika.

Uso laini haushiki penseli vizuri. Bandika mchoro wa karatasi juu yake na utoboe vidoa kufuata mistari, kisha uutoe. Ningeshauri kuanza na vidoa vitupu: simamisha sindano wima, gandamiza kidogo, zungusha. Vikisongamana unapata giza, vikiachana unapata mwanga. Mistari ni migumu zaidi, kwani mfupa una nyuzi zinazokwenda urefu wake, na mstari unaozikata kwa mshazari mdogo huvutwa nje ya njia. Upitishe mara mbili tatu kwa mkono mwepesi, na mstari unapopinda zungusha kipande chenyewe, mkono ubaki palepale.

Tumia wino mweusi wa kuchorea usioyeyuka ukishakauka. Paka eneo dogo, kama sentimita 2, kisha futa kwa kitambaa chenye unyevu kilichovutwa kwenye kidole. Kitambaa kilicholegea huchimba mikwaruzo na kutoa wino. Angalia kwa lenzi, taa ikimulika kutoka ubavuni, kisha ongeza vidoa, upake tena. Nenda toka hafifu kuelekea giza. Kidoa kilichozidi hakiondoki ila kwa msasa, na ukisugua sehemu moja tu utaacha shimo ambalo mwanga utalionyesha.

Kwa kipande cha kwanza chora unyoya au jani. Uso wa mtu usubiri: kidoa kimoja kikikosea kwenye jicho, sura yote hubadilika.