Ukistaafu usikimbizane na dunia: jinsi ya kusafiri na kutafakari hadi uzee ukae vizuri

Wazee wenzangu, na nyie vijana mnaowasomea wazazi wenu, nimeona watu wengi wakistaafu wanaangukia moja kati ya mambo mawili, ama mtu anakaa kwenye kiti asubuhi mpaka jioni anahesabu maumivu, ama anachukua kiinua mgongo chake anataka kuiona dunia yote ndani ya mwezi mmoja. Mi nilikuwa kundi la pili. Safari yangu ya kwanza baada ya kustaafu nilipita miji mitano kwa siku tisa, nikarudi miguu imevimba, simu imejaa picha na sikumbuki ipi ni ya wapi. Na kile nilichokuwa nakikimbia, ule upweke wa kuamka asubuhi na hakuna anayekusubiri popote, nikakikuta palepale mlangoni.

Baadae ndo nikakutana na barua za Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi aliyefariki mwaka 65 BK. Alikuwa anamwandikia rafiki yake Lucilius, ambaye alikuwa anashangaa mbona amesafiri sana na huzuni haijamtoka, Seneca akamjibu kwamba cha kubadilisha ni roho na wala sio hewa ya mahali, maana unakimbia huku umejibeba mwenyewe. Nilirudia kuisoma mara tatu. Tangu hapo nasafiri kwa namna nyingine kabisa na ndo hiyo nataka kuwaelekeza.

Kabla ya tiketi chukua daftari. Epicurus, yule Mgiriki aliyefungua shule yake kwenye bustani kule Athens karibu mwaka 306 KK, aligawa matamanio ya mtu mafungu matatu: yale ya asili na ya lazima, yale ya asili ila sio lazima, na yale ya bure kabisa ambayo hayana mwisho kama vile sifa na mali nyingi. Watu wanamdhania alikuwa mtu wa anasa, kumbe kwake mkate na maji vilitosha na kitu alichokithamini kuliko vyote ni urafiki. Sasa andika kila unachokitaka kwenye hiyo safari halafu kigawe kwenye hayo mafungu na uwe mkweli, usijidanganye. Mi nilipofanya hivyo niligundua karibu kila kitu kilichokuwa kinanila pesa kiko fungu la tatu (hoteli ya kujionyesha, sehemu maarufu ambayo naiendea tu ili niseme nimefika), na fungu la kwanza lilikuwa na vitu vichache mno: kulala vizuri, kutembea bila haraka, kupata mtu wa kuongea nae.

Kisha chagua sehemu moja. Moja tu, na ukae wiki tatu au mwezi kama unaweza. Najua inauma kuacha nyingine zote lakini umri huu faida yake kubwa ni muda, sasa kwa nini uende ukaukimbize? Panga chumba cha kawaida, tafuta benchi moja na njia moja ya kutembea, uwe unapita hapohapo kila siku saa ileile. Siku ya kwanza na ya pili hutaona kitu, utachoka na kujiuliza umefuata nini, vumilia, kuanzia siku ya nne au ya tano watu wanaanza kukusalimia, na salamu ndo mlango wa kila kitu.

Mwili nao una masharti yake na hapa naomba msipuuze. Muone daktari mapema kabla ya safari, dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi na sio kwenye mzigo unaopakiwa, zikiwa kwenye pakiti zake pamoja na cheti cha daktari, na ongeza za siku kadhaa maana safari huchelewa. Ukikaa kwenye ndege au basi zaidi ya masaa manne hatari ya damu kuganda miguuni inapanda, kwa hiyo simama, tembea, chezesha vifundo vya miguu, kunywa maji. Kwenye bima taja magonjwa yako yote hata kama bei itapanda, ukificha wanaweza kukataa kukulipa siku unayowahitaji. Na mtu mmoja nyumbani awe na kopi ya pasipoti yako.

Sasa falsafa yenyewe unaifanyaje ukiwa huko? Usibebe maktaba. Beba kitu kimoja chembamba, asubuhi soma ukurasa mmoja basi, utembee nao kichwani. Kwa anayeanza mi namshauri Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, mwaka 44 KK aliandika kitabu kuhusu uzee akiwa na miaka zaidi ya 60, akamweka mzee Cato, kiongozi wa Roma wa zamani, akiwa na miaka 84, ndo awe msemaji. Anataja lawama nne ambazo watu wanautupia uzee: unatutoa kwenye kazi, unadhoofisha mwili, unatunyima raha, na uko karibu na kifo. Lawama nne, wiki nne, ona ilivyokaa vizuri! Kila wiki beba moja, jiulize kwangu mimi hii ni kweli kiasi gani, waulize na wazee unaokutana nao kwenye benchi.

Kuhusu kazi anasema vijana ndo wanaopanda milingoti na kukimbia huku na huku, nahodha amekaa kimya nyuma ameshika usukani na kazi yake ni kubwa zaidi. Kuhusu mwili anasema hatamani nguvu za kijana, kama vile alipokuwa kijana hakutamani nguvu za fahali au tembo, na hilo lilinisaidia sana siku goti lilipogoma kwenye ngazi, nikakaa nikaangalia wanaopanda na wala sikuona wivu. Ila kwenye raha anataka tuushukuru uzee kwa kutuondolea tamaa za mwili, hapo simkubali, kuna raha bado zipo na ni halali yetu kabisa. Hicho cha nne, kifo, usikiache eti kwa sababu unaogopa, kiache kiwe cha mwisho lakini ukifikie, tena ukiongee na mtu.

Jioni andika mistari mitano. Usiandike ulichoona, andika ulichoongea na nani. Sababu yake ni hii, Epicurus siku yake ya mwisho, mwaka 270 KK, mkojo umeziba na maumivu yamefika kikomo, alimwandikia rafiki yake Idomeneus kwamba furaha ya kukumbuka mazungumzo yao inasimama mbele ya maumivu yote hayo. Yaani mtu yuko kitandani anakufa na akiba yake ni maongezi. Picha 600 za majengo haziwezi kukufanyia hivyo.

Na kama pesa au afya haziruhusu kwenda mbali, tafuta mtaa usioujua ambao unafika na kurudi siku hiyohiyo, ufanye vilevile, benchi, ukurasa, salamu, daftari, wiki nne.

Daftari langu la safari iliyopita nusu yake ni maneno ya mzee mmoja fundi saa tuliyekuwa tunakutana nae kila saa kumi jioni. Tulifika lawama ya tatu tukabishana mpaka giza likaingia, ya nne hatukuigusa. Mwezi ujao narudi palepale.