Kichanja cha pasheni kisicholiwa na mchwa

Kichanja changu cha kwanza cha pasheni nilikijenga kwa nguzo za miti na fito, hapahapa Ipuli, Tabora. Kilidumu misimu miwili. Asubuhi moja ya Januari nilishika nguzo nione kama imekaza, ikamegekea mkononi: mchwa wamekula ndani kote, wameacha ganda na udongo. Wiki hiyohiyo kikalala chini na matunda yake mabichi. Tangu hapo sijengi tena kwa mti.

Natumia vipande vya wavu mgumu wa chuma wa kuzungushia zizi, kila kimoja nakikunja kiwe tao la kutambalia pasheni. Marekani huuzwa maalumu kwa ajili ya mifugo, futi 16 kwa inchi 50. Vyangu nilivinunua vikiwa vimetumika, kwa jamaa aliyevunja zizi lake la mbuzi. Usipovipata, BRC, ule wavu wa chuma wa kumwagia zege, inafaa. Cha kuangalia ni matundu: mkono uingie, utoke ukiwa umeshika tunda. Wavu wa kuku usiununue kwa kazi hii.

Kwa vigingi chukua nondo ya milimita 12. Nondo nzima ya mita 12 inatoa vipande vinane vya mita moja na nusu, na tao moja linataka vinne. Piga tupa ncha zote za wavu, sugua kutu, kisha paka rangi ya kuzuia kutu, hasa sehemu itakayogusa udongo.

Miguu ya tao iachane futi 5. Wavu wa futi 16 ukikunjwa hapo unakupa kimo cha futi sita na nusu hivi, mtu mzima anapita wima. Gongelea vigingi viwili kila upande, vizame futi mbili na nusu, maana udongo wetu wa kichanga haushiki. Vikae nje ya wavu, si ndani. Wavu uliokunjwa unataka kunyooka, unasukuma kwenda nje, na kinachouzuia ni hivyo vigingi.

Kukunja ni kazi ya watu watatu. Mimi niliifanya na mpwa wangu tu. Akateleza, ncha ikafyatuka ikanichana juu kidogo ya jicho. Kovu ninalo. Sasa nafanya hivi: wavu unasimamishwa kwa ubavu, kamba imara inafungwa kutoka ncha hadi ncha, wawili wanasukuma ncha zielekeane, wa tatu anakaza kamba kila inapolegea. Ukifika futi 5, mnauinua ukiwa bado umefungwa kama upinde, mnauingiza kati ya vigingi, mnafunga kila kigingi sehemu tatu kwa waya wa kufungia nondo. Kamba hulegezwa mwisho kabisa, taratibu.

Panda mvua za kwanza zikishika, Novemba au Desemba, mche mmoja kila mguu. Uongoze kwa uzi, ukate machipukizi ya pembeni mpaka shina lifike juu ya tao. Kutoka hapo vikono vyake vitajishikia vyenyewe.

Jambo moja sikulitegemea. Pasheni ya njano haizai kwa chavua yake yenyewe. Inahitaji ya shina lingine, na anayeifanya kazi hiyo vizuri ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa miti mikavu. Nilipoondoa nguzo za miti nilimwondolea nyumba. Maua yalifunguka tele, yakadondoka. Msimu ule nilizunguka kila mchana, maua yakishafunguka, nikipaka chavua kwa kidole kutoka shina hili kwenda lile.

Halafu nikatundika gogo kavu juu ya tao kwa waya, lisiguse ardhi mchwa wakalipata. Msimu uliofuata nikakuta unga wa mbao umemwagika juu ya majani, nikainua macho: tundu la mviringo, safi kama limepigwa keekee, upana wa kidole changu cha mwisho.