Kuchagua toki konveta ya gari la dragi: anza na injini, si namba ya kwenye boksi

Toki konveta ni kifaa chenye oili kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi ya otomatiki. Tangazo likisema konveta ya gari la dragi, yaani la mbio fupi za mstari mnyoofu, ina stoli ya 3,500, usidhani gari lako litaondoka na mizunguko 3,500 kwa dakika. Stoli ni kiwango cha mizunguko ambacho injini haiwezi tena kupanda kwa sababu oili ndani ya konveta imeizuia, huku magurudumu yakiwa bado yamesimama. Kiwango hicho huamuliwa na konveta pamoja na toki ya injini, yaani nguvu yake ya kuzungusha. Konveta ile ile ikifungwa kwenye injini nyingine hutoa stoli nyingine.

Hesabu yake si ngumu, kwani stoli hupanda kwa kipeuo cha pili cha toki. Kama muuzaji aliipima kwa injini ya Nm 400 akapata 3,500, injini yako ya Nm 540 itaipeleka karibu 4,070. Kwa hiyo muulize aliipima kwa injini gani. Asipojua, tafuta muuzaji mwingine.

Tuchukue Chevrolet Camaro ya robo maili (mita 402) yenye V8 ya lita 5.7, giaboksi ya TH350 na uzito wa kilo 1,500 pamoja na dereva. Toki yake hufika kileleni kwenye mizunguko 4,200, na gia hubadilishwa kwenye 6,300. Stoli inayofaa ni ile inayoirusha injini hadi kwenye kilele cha toki au juu yake kidogo, hivyo hapa utatafuta 4,200 hadi 4,600. Ikiwa chini ya hapo, gari huondoka kwa uzito huku injini ikijikongoja kupanda. Ikizidi sana, konveta huteleza njia nzima na nguvu huishia kuwa joto kwenye oili.

Kisha angalia kinachotokea gia inapobadilika. TH350 ina gia ya kwanza ya 2.52 na ya pili ya 1.52, kwa hiyo 6,300 hushuka hadi 3,800 kama konveta isingeteleza kabisa. Giaboksi ya Powerglide ya gia mbili, yenye gia ya kwanza ya 1.76, hushuka hadi karibu 3,580. Konveta ndiyo inayozuia injini isizame chini ya kilele cha toki wakati huo, na ndiyo maana kwa Powerglide kosa la kuchagua konveta iliyokaza mno (yenye stoli ya chini) huonekana mara mbili: mwanzoni na kwenye kubadili gia.

Usichanganye stoli ya breki na stoli ya kurusha. Ukikanyaga breki na mafuta pamoja, matairi ya nyuma mara nyingi huishinda breki kabla konveta haijafika mwisho wake. Kipimo cha kweli ni kukanyaga mafuta yote kwa ghafla na kusoma mizunguko gari linaporuka, au kutumia transbreki, inayofunga giaboksi hadi uachie swichi.

Kwa kawaida, kipenyo kikiwa kidogo stoli huwa juu. Konveta za kiwandani nyingi ni za inchi 11 au 12, za mashindano ni 8 hadi 10. Lakini pembe za mapezi na umbo la steta, gurudumu la kati linalogeuza oili, hubadilisha mengi, kwa hiyo usinunue kwa kipenyo peke yake. Mpe fundi wa konveta uzito wa gari, uwiano wa difu, kipenyo cha tairi, vipimo vya kemshafti, na kama kuna tabo au naitrasi (gesi ya kuongeza nguvu ya injini). Naitrasi huongeza toki ghafla na kuipandisha stoli, hivyo konveta yake hukazwa zaidi. Kwa transbreki au nguvu kubwa, dai bamba la kuzuia konveta isivimbe, kwa sababu ikivimba huigandamiza pampu ya giaboksi hadi kuivunja.

Wakati wa kufunga, mimina takriban lita moja ya oili ndani ya konveta kwanza. Isukume huku ukiizungusha mpaka iingie kwenye shafti, kwenye steta, kisha kwenye pampu. Giaboksi ikishabana na injini, konveta ibaki na nafasi ya milimita 3 hadi 5 kutoka bamba la flaiwili kabla ya kuivuta kwa bolti. Kama hakuna nafasi, simama hapo hapo. Haijaingia kwenye pampu, na kukaza bolti za giaboksi kwa nguvu kutavunja gia za pampu. Funga pia kipoza oili cha peke yake.

Baada ya mbio, pima mtelezo, yaani mizunguko ya injini inayopotea ndani ya konveta. Zidisha kasi ya mwisho (km kwa saa) kwa uwiano wa difu, zidisha kwa 5.305, gawa kwa kipenyo cha tairi kwa mita. Kwa kilomita 193, difu ya 4.10 na tairi ya mita 0.711 utapata 5,904, yaani mizunguko ambayo injini ingekuwa nayo bila mtelezo. Kama geji ilisoma 6,300, mtelezo ni karibu asilimia 6, kiwango kizuri. Ukizidi asilimia 10, konveta imelegea (stoli yake iko juu mno) kwa injini hiyo. Gari likiwa zito kuondoka lakini likienda vizuri mwishoni, shuku klachi ya steta, ambayo hupaswa kuzunguka upande mmoja tu, kuwa inazunguka pande zote mbili. Likiruka vizuri kisha likakosa kasi na oili ikaungua, huenda steta imeganda.